Makame hana upande: kijana, orodha ya sheha na vita vya wenyewe

Katika ukurasa wa tatu wa muswada wa riwaya niliyopewa kuisoma, mhusika wake Makame anasema, "Mimi sina upande." Ana miaka 14. Yuko Pemba, kwenye shamba la mikarafuu nje ya Wete, mwaka ni 1916, na hakuna mtu aliyemuuliza. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini.

Muswada ni wa mwalimu kijana wa skuli moja ya Pemba. Nimeusoma naye kwa mwaka na ushei, sura kwa sura. Simtaji jina kwa kuwa kitabu hakijatoka na kwa kuwa alinipa ruhusa ya kuandika habari hizi kwa sharti hilo. Yeye ananiita maalim, mimi namwita mwanangu. Nataka kueleza safari ya sentensi ile moja, ilikoanzia na ilikohamia, maana ilipohama ndipo hadithi nzima ilipoanza kupumua.

Kwanza vita vyenyewe, kwa ufupi, kwa sababu vijana wetu wengi wanavijua kwa jina tu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, Unguja na Pemba zilikuwa chini ya himaya ya Mwingereza, Sultani akiwa Khalifa bin Harub. Ng'ambo ya bahari alikuwapo Mjerumani. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilikuja mpaka bandari ya Unguja ikaikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia waliokufa walizikwa katika kisiwa cha Chapwani na makaburi yao yapo hadi leo. Königsberg ikaenda kujificha katika delta ya Rufiji, ikaangamizwa humo Julai 1915. Mizinga yake ilichomolewa ikaburutwa bara kwenda kupigana nchi kavu.

Huko bara ndiko kilikokuwa kilio. Barabara zilikuwa chache mno, na ndorobo waliwamaliza farasi, ng'ombe na nyumbu. Kila kitu, tangu risasi hadi unga, kikapanda kwenye vichwa vya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi zaidi ya milioni moja katika vita vya Afrika ya Mashariki, na waliokufa katika hesabu zao wenyewe ni kama 95,000. Wengi waliuliwa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, risasi ikiwa mbali. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wanauza vitunguu pale kila siku na jina la maiti liko midomoni mwao.

Visiwani nako watu walikwenda. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Kanisa la Kianglikana, aliyekuwa na makao yake Unguja, aliongoza yeye mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar kwenda bara, akatembea nao kwa miguu. Mwandishi wangu alianzia hapo. Alikuwa amesoma habari za askofu na akajiuliza: wale waliokuwa nyuma yake, wenye mizigo kichwani, wao walifikiri nini?

Swali zuri sana. Lakini jibu alilompa Makame katika rasimu ya kwanza lilikuwa lake yeye mwandishi. Makame alikuwa hana upande kwa sababu mwandishi hapendi vita. Nilimwuliza kwa nini kamfanya hivyo mapema namna ile, naye akanijibu kwa unyofu ambao sitausahau. Alisema, "Maalim, mimi nimekulia Pemba. Toka mdogo nasikia watu wanaulizana, wewe wa upande gani. Nimetaka awepo mtoto mmoja asiyejibu."

Sikuwa na la kusema kwa muda. Sisi wa visiwani tunaujua uzito wa swali hilo. Juni 1961 watu 68 walikufa Unguja katika fujo za uchaguzi, na yaliyofuata Januari 1964 kila nyumba inayo habari yake. Mtu aliyekua kati ya kumbukumbu hizo akitaka kumwandika kijana asiyejibu, tamaa hiyo naiheshimu kwa moyo wangu wote. Ila mhusika hawezi kuishi kwa tamaa ya mwandishi. Msomaji atamwuliza Makame: kwa nini huna upande, ilhali jirani yako anao? Na Makame wa rasimu ya kwanza alikuwa hana cha kumwambia.

Mwandishi akarudi na rasimu ya pili. Sasa kila upande ulikuwa umepewa dhuluma yake, kama mchele unaopimwa kwa pishi. Sura ya tano askari wa Mjerumani wanachoma ghala la chakula kijijini. Sura ya sita mnyapara wa Mwingereza anampiga mpagazi kiboko mpaka anaanguka. Sura ya saba Mjerumani tena. Ya nane Mwingereza. Mwishoni Makame anajumlisha, anaona pande zote mbili sawasawa, anatamka ile sentensi. Kila tukio lilikuwa la kuaminika, kwa maana mambo ya aina hiyo yalitokea kweli. Na bado nilipomaliza nilihisi nimemsoma karani wa mizani.

Nilimweleza hivi. Kijana hahesabu. Dhuluma mbili zilizo sawa haziwi sifuri ndani ya kifua cha mtoto wa miaka 14. Kwa kawaida ile ya kwanza humtupa upande wa pili, kwa hasira, na ya pili humvunja. Ili abaki katikati, na abaki kwa nguvu, lazima pawe na jambo moja lililomfunga mdomo. Nami nikaamini, na bado naamini, kwamba jambo hilo haliwezi kutoka kwa adui. Adui akikutendea ubaya anakupa upande, tena bure. Kinachomtoa kijana katika pande zote ni ubaya wa wale waliomwambia "wewe ni wetu."

Hapo tukakaa na familia ya Makame, jambo ambalo tulipaswa kulifanya tangu mwanzo.

Mwandishi alikuwa amemfanya baba yake Makame kuwa mkulima tu, hana kabla. Nikamwuliza: mkulima wa shamba la nani? Pemba ya 1916, katika shamba la mikarafuu la mtu mwingine, anayeishi pale na kulima muhogo wake chini ya miti ni nani? Akanyamaza, kisha akasema polepole, "Mzalia." Yaani mtu aliyezaliwa utumwani shambani hapo. Amri ya kuufuta utumwa kisheria ilitolewa Aprili 1897, wakati wa Sultani Hamoud. Amri hiyo haikumfungulia mtu mlango. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na aliyeonekana hana makazi wala kazi aliweza kuhesabiwa mzururaji. Bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Basi baba yake Makame alikwenda, akapata karatasi yake, akarudi kuchuma karafuu zilezile katika shamba lilelile, sasa kwa malipo ya pishi.

Na babu? Babu, mwandishi akaamua, alikuwa hamali bandarini Unguja. Agosti 27, 1896, asubuhi, aliona kwa macho yake manowari za Kiingereza zikilipiga jumba la Sultani kwa kuwa Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ridhaa yao. Vita havikufika saa nzima, na waliouawa na kujeruhiwa upande wa jumba walikuwa kama 500. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani, Wajerumani wakampeleka Dar es Salaam. Katika vita hivi tunavyosimulia Waingereza walikuja kumkamata na kumpeleka uhamishoni. Basi babu alishawaona wote wawili, Mwingereza na Mdachi (ndivyo wazee walivyomwita Mjerumani), wakigombea kiti kisicho chao. Mwandishi akampa maneno haya, na ni katika mistari ninayoipenda kuliko yote kitabuni: "Yule alipiga, yule akaficha. Sisi tulizoa matofali."

Angalia jinsi mambo yalivyobadilika. Kabla vita havijaanza, nyumba hii tayari ina sababu ya kutowaamini wakubwa. Lakini Makame mwenyewe haamini habari za wazee. Amezaliwa baada ya karatasi ya baba. Yeye ni huru, anaijua Kurani yake, amesikia habari za Pegasus kutoka kwa manahodha wa majahazi na amekasirika: vipi mtu aje bandarini kwetu alfajiri kuua? Makame wa rasimu ya tatu ana upande. Anao waziwazi, ule wa Mwingereza na Sultani, na anambishia babu yake. Katika ukurasa wa tatu sasa haimo sentensi ile. Umo ugomvi wa mjukuu na babu juu ya jamvi la karafuu, wakitenga makonyo.

Kisha anakuja sheha, mkuu wa kijiji.

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Sheha ana orodha. Ametakiwa atoe watu wa kubeba mizigo, na idadi ameandikiwa, majina hakuandikiwa. Majina ni yake kuyajaza. Wana wa mwenye shamba hawamo. Aliye na mjomba ofisini hamo. Wanajazwa watoto wa wazalia, na vibarua waliokuja kutoka bara kuchuma, ambao hapana ukoo utakaokuja kuwalilia. Mwandishi alitaka kumfanya sheha mnyama, nikamkatalia. Sheha ni mtu wa jirani, amekula harusi katika nyumba hiyo. Anaogopa. Akirudi na majina pungufu atajazwa mwanawe. Dhuluma ya vita hufika kijijini kwa mikono kama hiyo, mikono inayotetemeka, na kijana anayeiona kwa mara ya kwanza haijui sura yake kwa sababu inamwita "mwanangu."

Haji, kaka yake Makame, ana miaka 20. Amesikia habari za orodha, amekimbilia msitu wa Ngezi. Sheha hamwulizi baba, anajua baba hatasema. Anamchukua Makame pembeni, chini ya mkarafuu, anamwambia kazi ni ya mwezi mmoja, kuteremsha mizigo bandarini, na mshahara upo. Anamwambia Sultani anawahitaji vijana wake. Anamwambia, "Wewe ndiye mwenye akili katika nyumba hii." Na Makame, mwenye upande, mwenye kuamini, anasema alipo kaka yake.

Mwandishi aliniletea sura hiyo usiku, kwa ujumbe wa sauti kabla ya maandishi, sauti yake inakwama. Alisema hakuipanga. Alikaa kuandika kwamba Makame ananyamaza, mkono ukaandika kwamba amesema.

Haji harudi. Anakufa bara, kwa kuhara damu. Jambo hili mwandishi alilichunguza vizuri. Wapagazi wa pwani na visiwani, waliozoea wali na muhogo, walipewa unga wa mahindi, mara nyingi wakaula haujaiva kwa uhaba wa kuni, wa sufuria na wa muda, na matumbo yao yakaharibika. Mzigo ulikuwa wa ratili kama 50, mbali na vitu vya mtu mwenyewe. Habari ya kifo cha Haji inaletwa na mwenzake aliyerudi, miezi mingi baadaye, na hajui mahali palipozikwa mwili panaitwaje. "Karibu na mto," ndiyo anuani yote.

Siku hiyo ndipo Makame anaposema, "Mimi sina upande." Sasa ni ukurasa wa 71. Babu anaisikia na hamjibu. Nami nilipolisoma safari hii nililiona neno jingine kabisa, ingawa herufi ni zilezile. Alikuwa na upande, akaupa ulimi wake, ulimi ukamla kaka yake. Anachokataa ni kuwa tena mdomo wa orodha ya mtu yeyote, na kila anayemtaka achague anamsikia kwa sauti ya sheha. Makame huyo, msomaji hana haja ya kumwuliza sababu.

Ningeweza kuishia hapa na kisa kingekuwa kimetimia kwa wengi. Lakini tulibishana sana juu ya sura inayofuata, na mabishano hayo yanafaa kusimuliwa.

Makame anakwenda bara mwenyewe, mtumishi wa jikoni katika kambi ya wapagazi, akitafuta kaburi la Haji. Siku moja mtoni anamkuta askari wa Mjerumani amejificha katika matete, amejeruhiwa mguu. Askari anamwomba maji kwa Kiswahili. Hilo si pambo la mwandishi. Katika majeshi yote mawili askari wengi wa Kiafrika waliamrishwa kwa Kiswahili, na Mwafrika wa jeshi hili akimwita wa jeshi lile alimwita kwa lugha ya nyumbani kwa Makame. Dakika chache baadaye anatokea koplo wa Keya, jeshi la Kiafrika la Mwingereza, anauliza: "Umemwona mtu?"

"Sijaona mtu," anasema Makame.

Mwandishi aliiona sura hii kuwa ushindi wa Makame. Amekataa kusema. Amefanya leo alichoshindwa kufanya chini ya mkarafuu. Nami niliipenda, ila nikamwambia kuwa imekuwa tamu kupita kiasi. Katika vita kunyamaza nako kunaelemea upande. Koplo angeambiwa, askari yule angekufa au kutekwa. Hakuambiwa, askari akabaki na bunduki yake karibu na kambi ya watu wasio na silaha. Kijana asiye na upande anaishi ndani ya matokeo ya kutokuwa kwake na upande, na hadithi ikimwepusha na matokeo hayo inamdanganya yeye na inatudanganya sisi.

Alinikasirikia. Aliniambia, "Maalim, kwa hivyo ulitaka aseme?" La, sikutaka aseme. Nilitaka kimya chake kigharimu. Alikaa wiki tatu bila kuniandikia, kisha akaleta kurasa nne. Usiku ule askari aliyejeruhiwa anatambaa mpaka kambini anaiba gunia la unga, la mwisho. Wapagazi wanakaa siku mbili bila chakula, njiani, na mzee mmoja, mchovu tayari, hainuki asubuhi ya tatu. Makame anajua. Hakuna mwingine anayejua. Anaubeba mzigo wa mzee yule juu ya wake na hasemi neno kwa mtu, na mwandishi naye, kwa busara kubwa, hasemi neno kwa msomaji. Hakuna aya ya majuto. Kuna shingo tu, na kamba ya mzigo inavyokata kwenye paji la uso.

Nimesoma maandishi mengi ya vijana wetu juu ya vita, na mara nyingi mhusika asiye na upande huwa ndiye msafi kuliko wote, anasimama juu ya kilima anawatazama wengine wakichafuka. Makame amechafuka na hajachagua. Naona hapo ndipo riwaya hii inapokuwa ya kweli zaidi kuliko rasimu zake mbili za mwanzo.

Imebaki sura ya mwisho, na hapo bado hatujapatana.

Vita vimekwisha, Wajerumani wa Afrika ya Mashariki walisalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Makame amerudi Wete, ana miaka 16. Inasemekana kuna mshahara wa Haji, haujachukuliwa. Fedha yenyewe haikuwa nyingi. Katika Kenya ya leo, Mwingereza alikuwa ameushusha mshahara wa mpagazi hadi rupia 5 kwa mwezi, na mwandishi ametumia kiwango hicho. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia watu wao kamwe. Majina yaliandikwa vibaya, vijiji havikujulikana, na serikali haikuwa na haraka. Makame anaitwa mbele ya meza. Karani anamtaka ataje jina la marehemu, kikosi chake, mahali alipofia, kisha aweke dole gumba kwenye karatasi.

Mwandishi anataka ageuke aondoke. Anasema karatasi ile ni orodha nyingine, na Makame aliapa. Akiweka dole atakuwa amekubali kwamba kaka yake aliuzwa kwa rupia hizo.

Mimi nataka aweke dole. Kutokuwa na upande katika vita vya Mwingereza na Mdachi hakumfanyi Makame asiwe na upande katika jasho la Haji. Zile ni fedha za mtu aliyebeba ratili 50 mvuani. Zikibaki pale mezani zitarudi kwa waliomchukua. Baba yake alikwenda mahakamani kudai karatasi ya uhuru uliokuwa wake. Mwana naye aende adai, ingawa mdomo wake unaogopa kutaja jina lile mbele ya mtu mwenye kalamu. Hasa kwa sababu unaogopa.

Nilimwambia hivyo kwa simu juzi. Alikuwa njiani kutoka skuli, nasikia watoto nyuma yake. Alinyamaza, akauliza kama nafikiri karani angeliandika jina la Haji sawasawa. Nikamwambia pengine angelikosea. Akasema, "Basi Makame atamsahihisha, maalim. Atamtajia herufi moja moja." Kama ataweka na dole, hakusema.